Biletini za shule Bukavu: orodha kwanza, programu baadaye

BUKAVU – Kila mwaka, mwezi wa sita unapoelekea mwisho, sekretaria publiki za Nyawera, za Essence na za kando ya soko la Kadutu hujaa walimu. Mmoja anakuja na daftari la pointi kwapani, mwingine na flashi mfukoni, wa tatu na karatasi za biletini ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi la kiangazi lisizichafue. Wote wana siku moja kichwani: proklamasio, mwanzoni mwa mwezi wa saba. Umeme ukikatika, wanangoja. Ukirudi usiku wa manane, mwenye duka anawasha mashine na kazi inaendelea, huku mwalimu akisinzia kwenye benchi.

Makosa huzaliwa katika saa hizo. Mtoto aliyepata 13 kwenye mtihani wa pointi 40 anaandikiwa 31. Msichana anapewa maoni ya mvulana aliyemtangulia kwenye orodha, kwa sababu aliyekuwa akipiga chapa alisahau kubadilisha mstari mmoja. Asubuhi wazazi wako uwanjani, wamevaa vizuri, na mwalimu aliyekesha ndiye anayepaswa kueleza.

Kwa sababu hiyo, shule nyingi za mji zinatafuta programu ya kutengeneza biletini. Maprefe wakikutana, mazungumzo huanza na jina la programu: ipi ni nzuri, inauzwa dola ngapi, nani anaiuza. Huko ni kuanzia mwisho. Shule inayoanza na programu huishia kuwa mfungwa wake. Kinachopaswa kuja kwanza ni orodha ya pointi, kisha karatasi inayotakiwa kujazwa, na mwisho kabisa chombo cha kuunganisha viwili hivyo.

Karatasi isiyokubali kufutwa

Biletini ya Kongo ni karatasi ngumu. Kwa sekondari, mwaka una semesta mbili, na kila semesta ina vipindi viwili na mtihani. Somo lenye pointi 20 kwa kipindi lina pointi 40 kwa mtihani, hivyo 80 kwa semesta na 160 kwa mwaka. Darasa la wanafunzi 50 wenye masomo 15 ya namna hiyo lina pointi 4 500 za kuandika kabla mtu hajajumlisha kitu chochote. Jumla za semesta ya kwanza, za semesta ya pili na za mwaka ni nyingine 2 250. Baada ya hapo bado kuna asilimia, nafasi ya mwanafunzi, tabia na bidii.

Kwenye karatasi hiyo kuna onyo ambalo wazazi wengi wanalijua: biletini iliyofutwa au iliyoandikwa juu ya maandishi mengine haina thamani. Kosa moja la kalamu linaua karatasi nzima. Kuna onyo la pili, linalokataza kabisa kuitengeneza upya karatasi yenyewe, kwa adhabu ya sheria.

Maonyo haya mawili yanasaidia kuchagua chombo kuliko tangazo lolote la muuzaji. La kwanza linadai kwamba kujumlisha na kuhakiki kuishe kabla wino haujagusa karatasi. La pili linadai kwamba shule isichore biletini yake upya kwenye kompyuta eti kwa sababu kuna kijana anayejua kuchora. Pale inapotumika karatasi rasmi, kazi ya mashine ni kujaza nafasi zilizo tupu, pointi kwa pointi, ndani ya visanduku vyake.

Programu nyingi zinazotembezwa kwa maprefe husifiwa kwa uzuri wa kile zinachochapa: rangi, nembo ya shule, hata picha ya mwanafunzi. Mzazi hufurahi kuona hivyo. Lakini mkaguzi haangalii rangi. Anaangalia kama jumla ni sahihi, kama jina linalingana na jina la daftari la matrikili, na kama karatasi ni ile inayokubalika.

Orodha ndiyo mali

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya shule katika jambo hili ni orodha yake: nani anasoma wapi, na alipata nini katika kila somo. Orodha hiyo ikiwa safi, chombo chochote kinaweza kutoa biletini. Ikiwa chafu, hata programu ya dola elfu itachapa uchafu kwa haraka zaidi.

Uchafu huanza kwenye majina. Mkongomani ana jina, postnomu na prenomu, na shule nyingi huyaandika yote matatu katika kisanduku kimoja, kila mwalimu kwa mpangilio wake. Ongeza hapo maandishi ya Kimashi. Cirhuza wa daftari moja anakuwa Chiruza katika daftari la pili, na kompyuta inahesabu watoto wawili. Dawa ni rahisi na haina gharama: safu tatu za jina, kila moja na kazi yake, na namba moja kwa kila mwanafunzi isiyobadilika tangu siku anapoingia mpaka siku anapotoka. Jina liandikwe mara moja tu, na mtu mmoja, akiwa na cheti cha kuzaliwa au karatasi ya shule ya msingi mbele yake. Walimu wengine wote watumie namba.

Uchafu wa pili ni sifuri. Mtoto aliyefanya mtihani akakosa kila kitu amepata 0. Mtoto aliyelazwa hospitali siku ya mtihani hana pointi, na kisanduku chake kinapaswa kubaki kitupu mpaka shule iamue. Programu nyingi hugeuza utupu kuwa sifuri bila kuuliza mtu. Mgonjwa anashuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya thelathini, na hakuna anayejua sababu mpaka mama yake afike kulalamika.

Uchafu wa tatu ni alama ndogo ambazo macho hayazioni. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa huandika 12,5 kwa mkato. Iliyopangwa kwa Kiingereza hutaka nukta, na faili likihama kutoka moja kwenda nyingine pointi zinaweza kugeuka maneno yasiyojumlishika. Namba ya mwanafunzi inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo kama safu haikupangwa kuwa maandishi. Na Espérance, jina ambalo halikosi katika darasa lolote la Bukavu, huweza kutoka likiwa na herufi za ajabu katikati kama faili halikuhifadhiwa katika UTF-8, mfumo wa herufi unaozitambua lugha zote.

Hakuna programu ya kununua itakayosafisha haya peke yake. Ni kazi ya sekreteri na mwalimu wa darasa, na wakati wake ni mwezi wa tisa, masomo yanapoanza. Mwezi wa sita umechelewa.

Njia nne zinazoonekana mjini

Njia ya kwanza ndiyo ya sekretaria publiki: kufungua biletini ya mtoto mmoja katika Word, kubadilisha jina na pointi, kuchapa, kisha kumwendea wa pili. Haihitaji kujifunza kitu, na ndiyo maana inapendwa. Lakini kila karatasi inabeba masalia ya karatasi iliyotangulia. Darasa la wanafunzi 50 ni nafasi 50 za kusahau. Kwa cheti kimoja cha mahudhurio inatosha. Kwa biletini za shule nzima ni hatari.

Njia ya pili ni jedwali la Excel, au Calc ya LibreOffice ambayo ni ya bure. Ukurasa mmoja una pointi za darasa lote. Ukurasa wa pili una umbo la biletini. Sekreteri anaandika namba ya mwanafunzi, na fomula ya RECHERCHEV inaleta jina na pointi zake zote mahali pake. Anachapa, anaandika namba inayofuata. Walimu wengi wanaweza kuijifunza kwa siku mbili. Ubaya wake ni kwamba mtu akigusa fomula bila kujua, safu nzima inaharibika kimya kimya. Kwa hiyo ukurasa wa fomula ufungwe, na jumla za wanafunzi watatu au wanne zihesabiwe pia kwa mkono kabla ya kuchapa.

Njia ya tatu ni ile ambayo Word ya Kifaransa inaiita publipostage. Fomu inaandikwa mara moja tu, ikiwa na nafasi zenye majina ya safu. Orodha inabaki katika jedwali. Kompyuta inatoa kurasa 50 kwa mkupuo mmoja. Hapa kuna mtego unaojulikana: asilimia 67,4 iliyo safi katika Excel inaweza kufika kwenye Word ikiwa na mkia mrefu wa tarakimu. Dawa yake ni kuifanya asilimia iwe maandishi yenye tarakimu moja baada ya mkato, hukohuko katika jedwali, kabla ya kuunganisha.

Kwa njia hizi mbili za katikati, karatasi rasmi inaweza kujazwa kama kila kisanduku kimepimwa kwa rula, kwa milimita. Wanaojua kazi hii huchapa kwanza ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida, wanauweka juu ya biletini halisi, kisha wanauinua kwenye mwanga wa dirisha. Namba zikiwa ndani ya visanduku, kazi inaanza. Zikiwa juu ya mistari, wanarekebisha. Karatasi moja ya kawaida inaokoa biletini nyingi.

Kinachobaki ni kuhifadhi matokeo katika PDF kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na aina ileile ya herufi, mistari husogea na vipimo vyote vinapotea. PDF inaweza kubeba herufi zake ndani yake. Ndiyo kazi iliyotengenezewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kanuni ya kimataifa ambayo programu za bure pia zinaisoma. Mchapaji anatakiwa tu kuchapa kwa ukubwa halisi, bila kuruhusu mashine ipunguze ukurasa. Virusi vya flashi navyo havikosi kwenye kompyuta za watu wengi. Kwa hiyo flashi inayokwenda kwa mchapaji ibebe nakala tu. Orodha yenyewe ibaki shuleni.

Njia ya nne ni programu kamili ya usimamizi wa shule, iliyoandikwa na kijana wa hapa au inayokodishwa kwa mwezi kupitia intaneti. Inaweza kuwa nzuri sana. Inashika pointi, minervali, mahudhurio na madeni mahali pamoja, na mzazi anaweza kupata ujumbe kwenye simu. Shule kubwa yenye sekreteri aliyefundishwa itaipenda. Ila ina maswali yake. Umeme ukikosekana siku mbili, itafanya kazi wapi? Intaneti ikikatwa, biletini zitachapwa? Ada ya mwezi italipwaje katika mji ambao benki zake zilifunga milango baada ya AFC/M23 kuingia mwezi wa pili 2025? Na aliyeiandika akipata kazi Kampala au Kinshasa, nani ana neno la siri?

Kuna njia ya tano, ya vyuo vikuu zaidi kuliko shule. Chuo kinachotoa maelfu ya vyeti vya masomo kila mwaka kinaweza kutumia LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi uliotoka katika TeX ya Donald Knuth wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, au programu fupi ya Python inayosoma orodha na kujaza kiolezo. Vyote ni vya bure, havihitaji intaneti vikishawekwa, na fomu yake ni faili la maandishi tu, ambalo litasomeka hata baada ya miaka 20. Bukavu haikosi vijana waliosoma informatiki wenye uwezo huo. Kwa shule ya sekondari yenye sekreteri mmoja, hata hivyo, ni kumpa mtu lori ili abebe ndoo ya maji.

Kwa shule nyingi za Ibanda, Kadutu na Bagira, jibu la busara ni njia ya pili au ya tatu. Hazina sifa mjini kwa sababu hakuna anayepata kamisheni kwa kuziuza. Zinaendeshwa na kompyuta ya zamani, zinamalizika wakati betri bado ina chaji, na sekreteri mpya anaweza kuzielewa kwa kuangalia tu. Programu kamili inunuliwe na shule ambayo tayari ina orodha safi na mtu wa kuitunza.

Somo la kadi ya mpiga kura

Kuna mfano ambao kila mtu mzima wa nchi hii anaukumbuka. Katika uandikishaji uliofanywa na CENI kuanzia mwisho wa 2022 hadi 2023, raia walipewa kadi za mpiga kura ambazo nyingi zilifutika baada ya miezi michache. Picha iligeuka kivuli, jina likapotea. Kwa raia wengi kadi hiyo ndiyo kitambulisho pekee mbele ya askari, benki au kampuni ya simu. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, watu walipanga mistari mirefu kuomba nyingine.

Lawama kuhusu wino zilikuwa za haki. Lakini jambo moja liliokoa hali: majina yalikuwa bado yako kwenye orodha. Karatasi ilikufa, takwimu zikabaki, na kadi mpya ziliweza kutolewa. Fikiria kama ingekuwa kinyume, kadi ndizo nakala pekee.

Kwa biletini, shule nyingi bado zinaishi katika kinyume hicho. Nakala iliyo mkononi mwa mtoto ndiyo kumbukumbu inayotegemewa. Na Bukavu ni mji ambao karatasi haziishi salama. Moto hula nyumba za mbao za mitaa iliyosongamana karibu kila kiangazi, na mvua hubomoa zile za kwenye miteremko. Tangu 2025 familia nyingi zimehama, wengine kuelekea Uvira, wengine kuvuka mpaka wa Burundi au Rwanda, wakiwa na kile walichoweza kubeba. Mtoto anafika shule mpya bila kitu, na mkurugenzi anamuuliza biletini. Bila biletini anarudishwa darasa la chini, au anapoteza mwaka. Aliyemaliza humanite naye huombwa biletini za miaka miwili ya mwisho anapojiandikisha chuo kikuu wakati diploma yake ya serikali haijatoka.

Kwa mtoto huyo, swali la programu gani shule yake ilinunua halina maana. Swali lake ni moja: je, pointi zangu bado zipo mahali fulani, na kuna mtu anayeweza kuzichapa tena? Shule iliyo na jedwali la mwaka juzi katika nakala tatu, moja kwa sekreteri, moja kwa prefe na moja nje ya majengo ya shule, inatoa nakala ya pili kwa nusu saa, ikaandika juu yake kwamba ni diplikata, ikaipiga muhuri. Shule iliyofungia pointi ndani ya programu isiyofunguka tena haina cha kumpa, hata kama biletini zake za zamani zilikuwa na rangi nne.

Wanaotetea kalamu

Wapo walimu wa zamani wanaosema kalamu haijawahi kuishiwa chaji. Wana haki kwa sehemu. Mwandiko wa titulere unajulikana, na mzazi anauamini. Shule ya milimani Kabare au Walungu yenye darasa la watoto 20 na isiyo na umeme haikosei kubaki na kalamu, mradi daftari la pointi linaandikwa mara mbili na nakala moja inakaa mahali pengine. Chombo kinachofaa ni kile kinachoendana na mahali.

Lakini tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na wengi wa watoto hao sasa wanafika sekondari. Kumwomba mwalimu ambaye mshahara wake hauna uhakika ajumlishe pointi elfu nne kwa mkono, bila kosa, kwenye karatasi isiyokubali kufutwa, ni kumtega.

Wengine wanaogopa kwamba kompyuta inarahisisha biletini bandia. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuiga mambo mengi. Ila aliyetaka kughushi hakuwahi kuzuiwa na mwandiko. Anayezuia udanganyifu ni yule anayeweza kufungua orodha ya shule na kusema huyu hakupata 72, alipata 51. Hata ile alama ya miraba ya kusomwa na simu, ambayo baadhi ya wauzaji wanaisifu, haina kazi kama hakuna orodha nyuma yake ya kulinganisha.

Nani afanye nini

Prefe anayefuatwa na muuzaji wa programu anaweza kumuuliza mambo matatu kabla ya kutoa hata dola moja. Nionyeshe jinsi pointi zote za darasa zinavyotoka kwenye programu yako na kufunguka katika Excel au Calc. Zima intaneti, toa waya wa umeme, kisha nichapie biletini tano. Na tuandike katika mkataba kwamba neno la siri la juu kabisa linakaa kwenye kabati la shule. Muuzaji mkweli atajibu yote matatu siku hiyohiyo. Anayeanza kuzunguka ameshajibu.

Kamati ya wazazi nayo ina sehemu yake. Mara nyingi ni pesa za wazazi zinazonunua programu, kompyuta na wino. Wana haki ya kuuliza nakala za pointi ziko wapi na nani anazishika, kama wanavyouliza juu ya minervali. Wana haki pia ya kuambiwa kwamba majina na pointi za watoto wao hayako kwenye kompyuta ya duka la mtaani, ambako kila mteja anaweza kuyafungua. Faili lililopelekwa kuchapwa lifutwe pale mbele ya mwalimu kabla hajaondoka.

Na wakaguzi wa elimu wanaweza kusaidia bila kutumia hata franka. Waandike wazi kama shule inaruhusiwa kujaza karatasi rasmi kwa mashine, na kwa namna gani, ili maprefe wasiishi kwa kubahatisha. Watoe mpangilio mmoja wa safu kwa shule zote: namba, jina, postnomu, prenomu, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kisha masomo kwa utaratibu ule wa biletini. Kila shule ichague chombo chake, lakini orodha zifanane. Mtoto akihama kutoka Bagira kwenda Panzi, mistari yake ihame naye na kuingia kwenye jedwali la shule mpya bila kuandikwa upya. Kulazimisha programu moja kwa mji mzima kungekuwa kosa, kwa sababu siku ikikwama, itakwama kwa wote.

Vijana wanaotengeneza programu hizi mjini hawapaswi kuonekana maadui. Wengi wana kipaji, na shule zinawahitaji. Kazi yao itaheshimiwa zaidi wakiuza huduma: kusafisha orodha, kupima karatasi, kufundisha sekreteri wawili badala ya mmoja, kurudi mwezi wa kwanza kuangalia kama nakala zinafunguka. Kumfungia mteja mlango ili arudi kulipa ni biashara ya muda mfupi, na mji huu ni mdogo. Habari zinapanda kutoka Nguba hadi Cimpunda kabla ya jioni.

Bado kuna muda kabla ya mwezi wa sita ujao. Shule inaweza kuanza wiki hii, kwa darasa moja tu, na jedwali la bure. Iandike majina vizuri, iingize pointi za kipindi kilichopita, ijaribu kuchapa kwenye karatasi ya kawaida na kuinua mwanga wa dirisha. Usiku wa kuamkia proklamasio, mwalimu wa darasa hilo atakuwa amelala nyumbani kwake.